Uzi wa diazepamu na ndugu zake: dozi, kasi ya kusukuma, na namna ya kuiacha

#1 MfamasiaZamu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaoishika dawa hii kwa mikono yao: wauguzi, matabibu, wafamasia na wanafunzi walioko mafunzoni wodini. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kuzima degedege, haikosekani zahanati, na kwa kuwa imezoeleka inasukumwa kwa haraka, inarudiwa bila hesabu, halafu mtoto akiacha kupumua lawama anatupiwa malaria. Nataka tuichambue dawa yenyewe, kisha kila mwenye eneo lake aongeze nyama.

Familia hii inaitwa benzodiazepini. Ya kwanza, klodiazepoksidi, ilitoka kwenye maabara ya Leo Sternbach, mkemia wa Hoffmann-La Roche huko New Jersey, ikaingia sokoni mwaka 1960 kwa jina la Librium. Diazepamu ikafuata mwaka 1963 kwa jina la Valium. Zilipokelewa kwa shangwe kwa sababu dawa za usingizi zilizokuwepo, yaani babichureti, ziliua watu kirahisi.

Kwa nini babichureti ziliua na hizi zikaonekana salama? Jibu liko kwenye kipokezi kiitwacho GABA-A. Ubongo una kemikali ya kutuliza, GABA. Ikikaa kwenye kipokezi chake lango linafunguka, ioni za kloridi zinaingia, na seli ya neva inatulia. Benzodiazepini haifungui lango hilo yenyewe. Inakaa pembeni, katikati ya kipande cha alfa na cha gama, na kuifanya GABA iliyopo ifungue lango mara nyingi zaidi. GABA isipokuwepo, dawa haina la kufanya. Babichureti hulishikilia lango wazi kwa muda mrefu, na dozi ikiwa kubwa hulifungua bila hata GABA kuwepo. Ndiyo maana mtu mzima mwenye afya akimeza diazepamu peke yake kwa wingi mara nyingi hulala sana kisha akaamka, lakini akichanganya na pombe, heroini, methadoni (dawa wanayopewa waraibu wa heroini) au fenobabitoni (babichureti ya kuzuia degedege), pumzi inakatika.

Sasa jambo ambalo wengi hawalishiki. Diazepamu inapenda mafuta. Ikiingia kwenye mshipa, ndani ya dakika moja hivi iko kwenye ubongo. Kisha inatoka kwenye ubongo na kwenda kujificha kwenye mafuta ya mwili. Nguvu yake ya kuzuia degedege inashuka baada ya kama dakika 20 hadi 30, ilhali dawa yenyewe bado imo mwilini kwa siku kadhaa. Kiwango chake hupungua nusu kwa saa 20 hadi 50, na zao lake, desmethili-diazepamu, ambalo nalo linafanya kazi, hukaa muda mrefu zaidi ya hapo. Kwa hiyo degedege inarudi, unaongeza dozi, inarudi tena, unaongeza tena. Kila dozi inadumu dakika chache kwenye ubongo, lakini zote zinarundikana mwilini, na dozi ya tatu inaingia kwenye mwili uliojaa tayari. Hapo ndipo pumzi inaposimama.

#2 Nesi_Wadi3

Mkuu MfamasiaZamu, asante kwa bandiko. Naingia kwenye vitendo.

Degedege inayozidi dakika 5 haisubiriwi iishe yenyewe, na mtoto aliyeletwa huku bado anatikisika huyo amekwisha kuzipita dakika 5 njiani. Lakini kabla ya kuvunja ampuli: mlaze ubavu, vuta makohozi yanayoonekana, weka oksijeni, na mfuko wa kupulizia hewa wenye barakoa inayomtosha uso uwe mkononi, si kabatini. Pima sukari. Ikiwa chini ya 2.5 mmol/L, au huna kipimo, mpe dekstrozi (maji ya sukari) ya asilimia 10, ml 5 kwa kila kilo, kwenye mshipa. Kama una ya asilimia 50 tu, sehemu moja changanya na maji ya sindano sehemu nne. Mtoto wa kilo 12 anahitaji ml 60, yaani ml 12 za asilimia 50 na ml 48 za maji. Mtoto wa degedege aliyeishiwa sukari hata umpe diazepamu ya stoo nzima hatatulia.

Sasa diazepamu. Ampuli zetu ni mg 10 ndani ya ml 2, yaani mg 5 kila ml. Njia ya haja kubwa ni mg 0.5 kwa kilo. Njia ya mshipa ni mg 0.25 hadi 0.3 kwa kilo. Watu wanazichanganya hizi mbili, na kosa linaumiza kuelekea mshipani, maana dozi ya haja kubwa ikipita mshipani ni karibu mara mbili ya inayotakiwa.

Mtoto wa kilo 12:
Haja kubwa: 12 × 0.5 = mg 6, sawa na ml 1.2.
Mshipa: 12 × 0.3 = mg 3.6, sawa na ml 0.72.

Kwa njia ya haja kubwa, vuta dawa kwa bomba dogo, ONDOA SINDANO, paka ncha ya bomba mafuta kidogo, iingize sentimita 4 hadi 5, sukuma, kisha toa bomba huku umeyabana matako. Endelea kuyabana dakika kadhaa. Ukiachia mapema dawa inatoka na kinyesi, halafu utasema haikufanya kazi na kurudia, kumbe hujui kiasi gani kilibaki ndani. Ukiona imemwagika andika kwenye faili kwamba imemwagika.

Kwa njia ya mshipa, zile ml 0.72 zivute kwa bomba la ml 1 lenye vistari vidogo. Sukuma kwa dakika 3 kamili, yaani kama ml 0.24 kila dakika, macho yako kifuani kwa mtoto na mtu wa pili akishika saa. Mtu mzima usizidishe mg 5 kwa dakika. Degedege ikitulia kabla bomba halijaisha, simama hapo hapo. Si lazima bomba limalizike.

Mtoto mchanga wa chini ya wiki 2 haendi kwenye diazepamu. Huyo ni fenobabitoni mg 20 kwa kilo.

#3 TabibuKituoChaAfya

Dada Nesi_Wadi3 umeeleza vizuri sana. Swali: mshipa ukikosekana, kwa nini tusichome diazepamu kwenye msuli? Inafanyika sana huku chini.

#4 MfamasiaZamu

Isifanyike kwa degedege, tabibu. Diazepamu haiyeyuki kwenye maji. Ndani ya ampuli imeyeyushwa kwa propilini-glikoli, alkoholi ya ethili na ya benzili. Ukiichoma kwenye msuli inaganda pale pale na kunyonywa polepole, tena bila mpangilio. Mmoja itamfikia baada ya nusu saa, mwingine baada ya saa nzima, na kwa degedege muda huo haupo. Juu ya hayo inauma na kuharibu msuli. Mshipa ukikosekana nenda haja kubwa.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayokataza kuipunguza kwa maji au selaini ndani ya bomba. Ukiiongezea selaini kidogo utaona kimiminika kinakuwa na ukungu mweupe, kama maji ya kuoshea mchele. Huo ukungu ni diazepamu iliyotoka kwenye myeyusho. Ukisukuma hapo unasukuma chembechembe, na dozi haijulikani tena. Na usiining'inize kwenye mfuko wa dripu wa plastiki laini ukidhani utaitiririsha usiku kucha. Plastiki ya aina hiyo huinyonya diazepamu, kwa hiyo mgonjwa anapata pungufu ya ulichoandika.

Inayofaa msuli ni midazolamu, ndugu mwingine wa familia hii. Ndani ya ampuli kuna asidi, na kwenye asidi pete ya molekuli ya midazolamu hufunguka na dawa ikayeyuka kwenye maji. Ikifika kwenye damu, ambayo si ya asidi, pete inajifunga na dawa inageuka kuwa ya kupenda mafuta, ikaingia ubongoni. Utafiti mkubwa wa wahudumu wa magari ya wagonjwa Marekani, uliochapishwa 2012, ulilinganisha midazolamu ya msuli na lorazepamu, nayo benzodiazepini, ya mshipa. Waliofika hospitali degedege imekoma bila dawa nyingine walikuwa asilimia 73.4 kwa midazolamu na 63.4 kwa lorazepamu. Dawa ya mshipani haikuwa duni, ila kutafuta mshipa wa mtu anayetikisika kunakula dakika. Dozi zilikuwa mg 10 kwa mwenye zaidi ya kilo 40, na mg 5 kwa kilo 13 hadi 40.

Na dakika zina thamani kwa sababu nyingine pia. Degedege ikiendelea, seli za neva huvivuta ndani vipokezi vya GABA-A kutoka juu ya ukuta wake. Vipokezi vikipungua, benzodiazepini inakosa pa kukaa. Dozi iliyotosha dakika ya 6 haitoshi dakika ya 40. Kwa hiyo dozi ndogo ndogo za woga zilizotawanywa kwa saa nzima ni mbaya kuliko dozi moja kamili iliyotolewa mapema.

#5 DaktariWaWatoto_Pwani

Naunga mkono, na hapa niongeze habari ya kwetu kabisa, maana watu wengi wanaitumia kanuni hii bila kujua ilipatikanaje.

Kilifi, Kenya, ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2000. Watoto 340 wenye malaria iliyopanda kichwani. Nusu walichomwa fenobabitoni mg 20 kwa kilo kwenye msuli, dozi moja, ili kuzuia degedege kabla haijaja. Nusu hawakupewa. Degedege ilipungua kweli: waliopata mara tatu au zaidi walikuwa asilimia 11 upande wa fenobabitoni na asilimia 27 upande wa pili. Lakini vifo vikawa asilimia 18 kwa waliopata fenobabitoni na asilimia 8 kwa wasiopata. Hatari ilipanda zaidi kwa watoto waliopata fenobabitoni pamoja na diazepamu dozi tatu au zaidi.

Someni tena hizo namba. Dawa ilizuia degedege na vifo vikaongezeka. Kwenye wodi isiyo na mashine ya kupumulia, pumzi iliyokatika saa nane usiku hakuna wa kuishika.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Dozi ya kwanza ya diazepamu. Ngoja dakika 10. Bado anatikisika, dozi ya pili. Dakika 10 nyingine, bado: usikimbilie diazepamu ya tatu kwa mazoea. Nenda fenobabitoni mg 15 hadi 20 kwa kilo, polepole kwa dakika 20 kama ni mshipa, huku ukihesabu pumzi na mfuko wa hewa uko kitandani. Kama unayo fenitoini (dawa nyingine ya degedege) ya mshipa na kipimo cha moyo, inakandamiza pumzi kidogo kuliko fenobabitoni. Na dozi zilizotolewa zahanati kabla ya rufaa ZINAHESABIWA. Mtoto anayefika na barua isiyosema alichopewa anaanzwa upya, na hiyo ndiyo dozi ya nne isiyoandikwa popote. Matabibu wa zahanati, tafadhali: jina la dawa, mg, njia, saa. Mstari mmoja tu unatosha.

#6 TabibuKituoChaAfya

Huo mstari mmoja nitaubandika ukutani kesho. Midazolamu ya shavuni je? Ipo kwenye orodha yetu lakini haitumiki.

#7 DaktariWaWatoto_Pwani

Itumike. Mulago, Kampala, waliilinganisha na diazepamu ya haja kubwa kwa watoto 330, ikachapishwa 2008. Matibabu yalishindikana kwa asilimia 43 upande wa diazepamu na asilimia 30.3 upande wa midazolamu, zote kwa mg 0.5 kwa kilo. Tofauti ilionekana hasa kwa watoto wasio na malaria. Faida nyingine ni heshima: mtoto mkubwa wa miaka 9 havuliwi nguo mbele ya watu.

Kwa umri: miezi 3 hadi 11 mg 2.5, mwaka 1 hadi 4 mg 5, miaka 5 hadi 9 mg 7.5, miaka 10 na kuendelea mg 10. Mlaze ubavu, vuta shavu la chini, dawa iende kati ya fizi na shavu, polepole. Usiimwage juu ya ulimi, ataimeza au itampalia. Meno yakiwa yameumana haidhuru, huhitaji kuyafungua. Naomba tuache kabisa kuingiza kijiko mdomoni.

#8 MtoaUsingizi

Kwa kuwa midazolamu imetajwa, nitoe onyo moja kubwa. Ampuli za midazolamu zina nguvu tofauti na zinafanana kama mapacha. Kuna mg 5 ndani ya ml 5, yaani mg 1 kwa ml. Na kuna mg 15 ndani ya ml 3, yaani mg 5 kwa ml. Mtu aliyezoea ya kwanza akivuta ml 2 anajua amevuta mg 2. Kwenye ya pili ml hizo hizo mbili ni mg 10. Kwa mzee wa miaka 75 anayeingizwa kamera tumboni, hapo anaacha kupumua. Uingereza walitoa tahadhari ya kitaifa kuhusu jambo hili mwaka 2008, wakaagiza ampuli kali zisikae kwenye vyumba vya vipimo vya kawaida.

Tufanye vivyo hivyo. Ampuli kali zikae chumba cha upasuaji na wodi ya mahututi tu. Na bomba likishajazwa liandikwe kwa mg kwa ml, si "mida" tu.

Kumlegeza mgonjwa kwa kipimo: mtu mzima anza na mg 1 hadi 2, kwa dakika 2, kisha NGOJA dakika 2 hadi 3 kabla ya kuongeza. Midazolamu inafika kilele polepole kuliko diazepamu, na asiye na subira huongeza wakati ya kwanza haijafika. Mwenye zaidi ya miaka 60 au aliyedhoofu anza na mg 0.5 hadi 1. Ukiwa umempa pia pethidini au fentanili (dawa kali za maumivu), punguza zaidi. Oksijeni puani, kipimo cha oksijeni kidoleni, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumwangalia mgonjwa tu. Anayefanya kipimo hawezi pia kulinda pumzi.

Na mgonjwa atakuwa anajibu maswali yako vizuri lakini baadaye hakumbuki neno. Dawa hizi hufuta kumbukumbu za muda huo. Maelekezo ya nyumbani mpe ndugu yake, tena kwa maandishi.

#9 MkungaMwandamizi

Niweke yangu haraka kwa sababu kosa hili bado linaonekana: mama mwenye kifafa cha mimba diazepamu si dawa yake ya kwanza. Ni magnesiamu salfeti. Utafiti wa kimataifa wa 1995 ulionyesha kifafa kurudi kulipungua kwa asilimia 52 ukilinganisha na diazepamu. Diazepamu inavuka kondo la nyuma, mtoto anazaliwa amelegea kama kitambaa, hanyonyi, anapoa mwili, pumzi dhaifu.

Gramu 4 za asilimia 20 kwenye mshipa polepole, kisha gramu 5 za asilimia 50 kila tako, jumla 14. Baadaye gramu 5 kila saa 4 tako kwa tako, ikiwa goti linaruka ukiligonga, pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, na mkojo angalau ml 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti gramu 1, ya kuzima magnesiamu ikizidi, iwe kando ya kitanda. Diazepamu ibaki kwa siku ambayo magnesiamu haipo kabisa.

#10 KlinikiYaAkili

Nimefurahi uzi umekaa kwenye dharura kwanza. Sasa upande wa vidonge, ambako madhara yanakuja kimyakimya.

Kazi halali ya vidonge ni chache na fupi. Ya kwanza ni kuacha pombe kwa mnywaji mzito. Degedege ya kukosa pombe huja kati ya saa 6 na 48 tangu glasi ya mwisho, na kuweweseka kukali huja siku ya 2 hadi ya 4. Diazepamu hadi mg 40 kwa siku (mg 10 mara nne), ikipunguzwa, jumla siku 3 hadi 7. Pamoja na thiamini (vitamini B1) mg 100 kila siku kwa siku 5. Mwenye ini bovu diazepamu itamlaza siku nzima kwa sababu ini ndilo linaloivunja, kwa hiyo mpe lorazepamu, ambayo inafungwa tu na sukari na kutolewa kwenye mkojo bila kuacha zao linalofanya kazi. Usimwandikie aende nazo nyumbani kifurushi kizima kama bado anakunywa.

Ya pili ni hofu kali au kukosa usingizi kwa sababu inayoonekana, na hapo mwisho ni wiki 2 hadi 4. Ukomo huo Uingereza waliutangaza rasmi mwaka 1988, na sababu ni ya kimwili. Vipokezi huzoea. Nguvu ya kusinzisha hushuka ndani ya wiki chache, mgonjwa anahisi "haishiki tena", anaongeza. Anayelala nayo kwa mwaka mara nyingi halali kwa sababu ya dawa, bali asipoinywa, arosto, yaani mwili kuidai dawa, ndiyo inayomkesha.

Wazee wapewe kwa uchache mno. Ini lao ni pole, desmethili-diazepamu inarundikana, anaamka usiku kwenda chooni, anaanguka, nyonga inavunjika. Wasiwasi mwingine ni kwamba usahaulifu wa dawa huitwa uzee na kuachwa hivyo.

#11 MsomajiMgeni

Samahani wataalamu. Mtu anayekunywa diazepamu mg 10 kila usiku kwa miaka 3 na anataka kuacha, aache vipi? Kuna walioambiwa waache siku moja.

#12 KlinikiYaAkili

Asiache siku moja, ndugu yangu. Kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege, kuweweseka na hata kifo, tena kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Kwa ndugu zake wasiokaa sana mwilini, kama lorazepamu na alprazolamu, arosto huanza siku ya 1 au ya 2. Kwa diazepamu inaweza kuchelewa hadi siku ya 3 hadi ya 10, na huko kuchelewa ndiko kunakowadanganya watu. Wiki ya kwanza anasema "nimeweza", wiki ya pili analetwa anatikisika.

Kupunguza kunaanzia asilimia 5 hadi 10 ya dozi aliyonayo, kila wiki 2 hadi 4, chini ya daktari; hatua za chini huzidi hapo kwa sababu ya ukubwa wa vidonge. Vidonge vya mg 5 na mg 2 vinatosha kupanga:

mg 10 → 9 (cha mg 5 kimoja, vya mg 2 viwili) → 8 (vya mg 2 vinne) → 7 (cha mg 5 na cha mg 2) → 6 (vya mg 2 vitatu) → 5.

Kutoka 5 kushuka, usiendelee kukata mg 1, maana mg 1 kati ya 5 ni asilimia 20. Kata mg 0.5, yaani robo ya kidonge cha mg 2, ukitumia kikatio cha vidonge, si kisu cha jikoni. Milligramu za mwisho ndizo ngumu kuliko zote na ndipo wengi hurudi nyuma. Akielemewa, abaki kwenye hatua aliyopo wiki mbili zaidi. Asirudi juu isipokuwa daktari ameona dalili za hatari. Tarajia miezi 6 hadi mwaka kwa mtu kama huyo.

Anayetumia alprazolamu au lorazepamu anaweza kuhamishiwa diazepamu kwanza ili kiwango mwilini kisipande na kushuka. Kwa makadirio, mg 10 za diazepamu ni kama mg 1 ya lorazepamu, au mg 0.5 ya alprazolamu, au mg 0.5 ya klonazepamu. Angalieni hiyo ya mwisho: kidonge kidogo cha klonazepamu cha mg 2 ni sawa na diazepamu mg 40. Udogo wa kidonge usimdanganye mtu. Mwenye kifafa au mjamzito mpango wake ni mwingine, aende kliniki.

#13 MfamasiaZamu

Hapo kwenye arosto niongeze hali ya Pwani. Vijana wengi wanaotumia heroini Mombasa, Malindi, Unguja na Dar huongezea vidonge hivi, ambavyo vijiweni Kenya huitwa bugizi. Waliojiunga na kliniki ya methadoni, kama ile ya Muhimbili iliyoanza 2011, nao wamo hatarini: methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, na diazepamu juu yake hukata pumzi usingizini. Mtoa dozi ya asubuhi akimwona mteja anasinzia amesimama au anaongea kwa kuburuta ulimi, dozi isitolewe kabla hajaonwa na daktari.

Akiletwa amezimia: nalokisoni inaondoa heroini na methadoni tu, haigusi benzodiazepini. Kwa hiyo pumzi ikirudi lakini hajaamka, usiendelee kumimina nalokisoni. Mpulizie hewa, mlaze ubavu, subiri.

Kuna flumazenili, inayong'oa benzodiazepini kwenye kipokezi. Mg 0.2 kwenye mshipa, kisha mg 0.1 hadi 0.2 kila dakika hadi jumla ya mg 1. Naomba isitumike kama uchawi. Kwa mtu aliyezoea vidonge inamtupa kwenye arosto kamili kwa dakika moja na degedege ambayo sasa huna dawa ya kuizima, maana mahali pa diazepamu umepaziba. Aliyemeza pia amitriptilini (dawa ya sonona) ni hivyo hivyo. Na nguvu yake inakwisha ndani ya saa moja hivi, diazepamu ikamlaza tena ukiwa umeshampeleka wodini. Mahali pake ni chumba cha vipimo, kwa mgonjwa uliyemzidishia midazolamu wewe mwenyewe.

#14 TabibuKituoChaAfya

Wagonjwa wetu wengi wako kwenye dawa za kifua kikuu na za VVU. Zinagongana?

#15 MfamasiaZamu

Zinagongana sana, hasa midazolamu, maana kimeng'enya kinachoivunja kwenye ini, CYP3A4, ndicho kinachochezewa na dawa nyingi. Rifampisini, ya kifua kikuu, hukichochea hadi midazolamu ya kumeza inakaribia kutofanya kazi kabisa. Ritonavia, ya VVU, hufanya kinyume: hukifunga, dozi ya kawaida ikawa kubwa mno. Midazolamu ya kumeza na ritonavia ni marufuku, na ya mshipa ipunguzwe na mgonjwa aangaliwe kwa saa nyingi. Erithromaisini, klarithromaisini na ketokonazo nazo huongeza. Dolutegravia, nayo ya VVU, haina shida hiyo. Omeprazo, dawa ya vidonda vya tumbo, huchelewesha diazepamu kutoka, jambo la kukumbuka kwa mzee anayekunywa zote mbili.

Kuhusu stoo: diazepamu ikae mbali na mwanga, ndani ya boksi lake. Lorazepamu ya sindano inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, na ndiyo sababu kubwa haisambai vituo vya chini. Zote ni dawa za kudhibitiwa chini ya mkataba wa kimataifa wa 1971, jedwali la nne, kwa hiyo kabati la kufuli na rejista.

#16 Nesi_Wadi3

Kwenye rejista hapo: mtoto wa kilo 12 ametumia ml 0.72, ampuli ni ml 2, kwa hiyo ml 1.28 zinabaki. Zimwagwe mbele ya mtu wa pili na wote wawili wasaini. Usizivute ukaziweka ndani ya bomba kwa ajili ya mtoto anayefuata. Ndani ya plastiki dawa inapungua, bomba halina jina, na saa tisa usiku mtu atalichukua akidhani ni maji ya kusafishia kanula. Kwenye trei yangu ya degedege kunakaa ampuli mbili nzima, mabomba matatu ya ml 1, dekstrozi, mafuta ya kupaka, na mfuko wa hewa wenye barakoa mbili, ya mtoto mchanga na ya mkubwa. Barakoa zinajaribiwa kila zamu inapoingia, kwa kuzibana kwenye kiganja na kusikiliza kama hewa inavuja.